Nani Kaikimbia Kazi?

Siyo siri, wazee wetu wametuchoka. Pita baraza yoyote utasikia: "Vijana wa siku hizi hawataki kuajiriwa, wanataka pikipiki tu." Leo namjibu mzee. Namjibu kwa adabu, lakini namjibu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi katika duka moja la vitambaa, Kariakoo. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa mbili usiku, siku sita. Piga hesabu mwenyewe: saa 78 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida, na likizo ya siku 28 yenye malipo. Mimi mkataba sikuuona hata kwa dawa. Niliugua malaria siku tatu. Ya nne nikakuta mtu mwingine kasimama pale nilipokuwa nasimama. Hiyo ndiyo ajira niliyoikimbia? Kile kilikuwa kibarua, ila kimevalishwa shati la ajira.

Sasa naendesha bodaboda. Jioni napeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki changu, nakula usiku huohuo. Abiria wakiadimika natoa daftari naandika riwaya yangu. Kule dukani kalamu ilikuwa ya risiti tu.

Lakini na sisi vijana tuache kuzugana kijiweni. Eti "mimi bosi wa nafsi yangu"! Bosi gani anaamka na homa kwa sababu hesabu haijui homa? Mwenzetu mmoja alivunjika mguu; tajiri alipofika, alichouliza kwanza ni pikipiki. Na wanaopata abiria kwa simu nao, kampuni inakata asilimia yake kila safari, ila siku ya kuanguka unaanguka peke yako.

Kwa hiyo mzee, hatujaikataa kazi. Tumekataa kutumikishwa halafu tuambiwe tushukuru. Nipe mkataba, saa 45, likizo na mchango wa NSSF, kesho asubuhi narudisha pikipiki kwa mwenyewe.

Na wewe mwandishi mwenzangu, mbona hadithi zetu zimejaa mapenzi ya watoto wa matajiri, na deiwaka anayening'inia mlangoni mwa daladala hana hata sentensi moja? Unamwona kila siku. Mwandike basi.