Mizani iwekwe mezani, chuoni pia

BARAZANI, na Jean-Bosco Mateso, Nizi

Hapa Nizi, Ituri, mchimbaji akileta dhahabu yake sokoni, hakuna mnunuzi anayemwambia, "Niachie, nitapima peke yangu." Kimizani cha mkono kinainuliwa mbele ya macho yake. Upande mmoja unawekwa unga wa dhahabu, upande wa pili vipimo, na uzito ukiwa mdogo sana, vijiti vya kibiriti. Mnunuzi anabana pumzi ili asikitikise. Mchimbaji anainama mpaka paji la uso linakaribia kugusa meza. Watabishana, wataapa kwa majina ya mama zao, na huenda mmoja akaondoka akiamini amepunjwa. Lakini kipimo alikiona.

Mwezi uliopita nilikuwa nyuma ya baba mmoja aliyekuja kuuza ili alipe minervali, yaani karo, ya binti yake anayesoma Bunia. Alipopewa dola zake alizihesabu mara tatu, kisha akainua kila noti juani, moja moja, kuangalia kama imechanika, kwa kuwa noti yenye mpasuko wa ukucha mmoja itakataliwa mjini. Akazifunga kwenye mfuko wa plastiki, akauingiza ndani ya soksi. Kesho yake alipanda pikipiki kwenda Iga-Barrière, kutoka hapo Bunia, safari ya karibu kilomita 30 ambayo sisi wa Djugu tunajua inaweza kumgharimu mtu uhai wake. Alirudi na bordero ya benki. Alinionyesha. Juu yake kuna jina la binti, promosheni yake, namba ya akaunti ya chuo na kiasi kilicholipwa. Basi.

Kuanzia dirisha lile la benki, yule baba haoni tena mizani yoyote. Hajui katika kila dola yake senti ngapi zinanunua vitabu vya maktaba, ngapi zinamlipa mwalimu anayemfundisha binti yake, na ngapi zinakwenda kwa wakubwa wa chuo. Akiuliza, anaonekana mkorofi.

Mimi mwenyewe niliuliza, miaka michache iliyopita, nilipomsindikiza mdogo wangu kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Nilimuuliza mhasibu, kwa adabu kabisa, fedha hizi zinagawanywaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za chumba chake cha kulala. "Papa, hayo ni mambo ya kamati." Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe, na aibu niliyoisikia siku ile bado ninayo. Nimekuja kuelewa kwamba haikuwa aibu yangu.

Ninaomba jambo moja, na ninaliomba wazi. Vyuo vikuu na taasisi za juu za serikali, kuanzia zile za Bunia tunakopeleka watoto wetu, yaani Chuo Kikuu cha Bunia (UNIBU), chuo cha ualimu (ISP) na chuo cha ufundi wa tiba (ISTM), vitangaze kila mwaka malipo yote ya wakuu wao: rekta au mkurugenzi mkuu, katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Karatasi moja tu, ibandikwe pale pale panapobandikwa matokeo ya mitihani.

Nimesema malipo yote kwa sababu mkuu wa chuo nchini kwetu hali kwenye sahani moja. Kuna mshahara wa serikali unaopitia benki. Huo una ngazi zake, na mwenye subira anaweza kuutafuta akaupata. Halafu kuna ile wanayoiita primu lokale, inayotoka kwenye fedha za wanafunzi. Hiyo hupangwa kwenye mikutano ambayo mzazi hakai wala mwanafunzi hakai. Juu ya hiyo kuna fedha za safari za kikazi, mafuta ya gari, nyumba, simu. Ukitangaza mshahara peke yake, umeonyesha kikombe na kuficha mtungi.

Tukumbuke pia tulifikaje hapa. Miaka ya 1990, serikali ya Mobutu ilipokuwa inaanguka na walimu hawalipwi, wazazi ndio tuliobeba shule mgongoni. Tulichanga fedha za motisha kwa mwalimu wa msingi, wa sekondari, hata kwa profesa wa chuo kikuu. Ilisemekana ni jambo la muda. Kwenye shule ya msingi muda huo ulidumu mpaka Septemba 2019, Rais Tshisekedi alipoanzisha elimu ya bure ambayo kifungu cha 43 cha Katiba kilikuwa kimeiahidi tangu 2006. Chuo kikuu hakikuguswa. Mzazi bado analipa, na analipa kwa dola.

Lakini angalia tofauti. Kabla ya elimu ya bure nilikaa miaka kadhaa kwenye kamati ya wazazi, COPA, ya shule moja ya msingi. Mwisho wa kila muhula tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, na direkta alisimama ubaoni akaandika kwa chaki: kila mwalimu na fungu lake, chaki, mabati, ripoti za kupeleka Bunia, na fungu lake yeye mwenyewe. Siku moja mama mmoja anayeuza samaki wa chumvi wa Kasenyi aliinua mkono. "Direkta, mbona wewe unapata mara mbili ya mwalimu wa darasa la kwanza, na yeye ndiye mwenye watoto themanini?" Darasa lilinyamaza. Direkta hakukasirika. Alieleza safari zake, akaeleza usiku anaokesha na madaftari, kisha akakubali fungu lipungue kidogo na la mwalimu yule liongezeke. Tulimheshimu zaidi kuanzia siku ile. Nilimwona mama yule akimpelekea samaki nyumbani.

Kama direkta wa shule ya mabati aliweza kuandika fungu lake ubaoni mbele ya muuza samaki, kwa nini daktari wa falsafa asiweze?

Wanaoumia kuliko wote si wazazi. Ni walimu wadogo wa vyuo hivyo hivyo. Kuna asistenti anayefundisha, anasahihisha mitihani, anasimamia kazi za mwisho wa masomo, lakini bado hajamekanizwa, maana yake jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa. Mtu huyo hana mshahara wa serikali hata franga moja. Anaishi kwa primu lokale peke yake, na primu ikichelewa anaishi kwa mkopo wa dukani. Nimewaona vijana wa namna hiyo Bunia, shati limepigwa pasi vizuri na viatu vimeliwa upande mmoja. Unafikiri anaweza kusimama mkutanoni akamuuliza mkuu wake, "Wewe umechukua ngapi mwezi huu?" Mkuu huyo huyo ndiye atakayetia saini faili lake lipelekwe Kinshasa. Karatasi ikibandikwa ukutani, kijana huyo hahitaji kuuliza. Anasoma tu.

Majirani zetu wamekwenda mbele. Uganda, ambako wafanyabiashara wetu wa Mahagi na Aru wanavuka kila siku, ina sheria ya kupata habari tangu 2005, na wizara ya utumishi wa umma hutoa ngazi za mishahara kila mwaka wa fedha. Ndiyo maana Kampala hata dereva wa bodaboda anaweza kukuambia kwamba profesa wa chuo kikuu cha umma analipwa shilingi karibu milioni 15 kwa mwezi. Wanabishana kama ni nyingi au kidogo, lakini wanabishana juu ya namba moja. Kenya iliiandika haki hiyo ya kupata habari kwenye kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, ikatunga sheria yake 2016. Tanzania, mwaka huo huo wa 2016, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba wapo wanaolipwa mpaka shilingi milioni 40 kwa mwezi, na kwamba mtumishi wa umma hatazidi milioni 15. Mwaka uliofuata akataja mshahara wake mwenyewe, milioni 9. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya Magufuli. Namba aliitaja.

Mbali zaidi, jimbo la Ontario, Kanada, tangu 1996 linatangaza kila mwaka majina na malipo ya watumishi wote wa umma wanaopata dola 100.000 na zaidi, wakuu wa vyuo vikuu wakiwemo. Uingereza, mwaka 2017, watu walisoma kwenye hesabu za Chuo Kikuu cha Bath kwamba mkuu wake, Glynis Breakwell, alilipwa pauni 468.000 kwa mwaka. Wahadhiri na wanafunzi walipaza sauti, naye akatangaza kwamba ataondoka. Hakuna aliyemshitaki kwa wizi. Namba ilisomwa, na watu wakasema ni kubwa mno.

Kwetu, namba husikika mtu akishaanguka tu. Muhindo Nzangi alipokuwa waziri wa Elimu ya Juu, kuanzia 2021, aliwasimamisha wakuu kadhaa wa vyuo kwa sababu ya usimamizi wa fedha. Wakaguzi walikwenda, ripoti zikaandikwa, redio zikasema. Sawa. Lakini mkaguzi anafika ng'ombe akiwa ameshatoka zizini, na mkuu aliye mwaminifu, nao wapo, anabaki akinuka harufu ya wenzake bila njia ya kujisafisha. Huyo ndiye ningependa anisome kwa makini. Karatasi ninayoiomba ni ngao yake.

Ninajua majibu yatakayokuja. La kwanza ni usalama: Ituri ya leo, mtu akijulikana ana fedha, wezi wanabisha hodi usiku. Silichukulii kwa wepesi, nimezika watu. Lakini mwizi wa Bunia hangoji orodha ya chuo. Anatazama gari, anatazama geti, anatazama jenereta inayonguruma wakati mtaa mzima uko gizani. Tutangaze cheo na kiasi, tuache anwani, tuache namba ya akaunti.

La pili ni heshima. Kwa mila zetu mkubwa haulizwi kilichomo mfukoni mwake, na mimi nimelelewa hivyo. Lakini hapa tunauliza juu ya kapu tulilolijaza sisi. Na Katiba yenyewe, kifungu cha 99, inamtaka Rais wa Jamhuri na mawaziri wake waandike mali zao na kuzipeleka Mahakama ya Katiba. Kama Rais anaandika mali yake yote, rekta anashindwaje kuandika posho zake?

La tatu ni kwamba malipo yenyewe ni madogo, yatawaaibisha. Inawezekana kabisa, na nitakuwa wa kwanza kuwatetea. Mwanzoni mwa 2022 maprofesa wa Chuo Kikuu cha Kinshasa waligoma kudai haki zao. Huku kijijini watu wengi waliguna: hawa wenye tai wanalilia nini? Waliguna kwa sababu hawakujua. Nizi ina wazee wa machimbo ya Kilo-Moto waliozeeka wakidai malimbikizo ya mishahara yao kwa kampuni ya dhahabu ya SOKIMO. Mji huu ungemwelewa profesa asiyelipwa vizuri kuliko mji wowote, kama angetuonyesha karatasi yake.

Vyuo vya kanisa na vya watu binafsi, kama Chuo Kikuu cha Shalom pale Bunia, vina wenyewe wa kuviuliza. Ningefurahi vikifuata, lakini sivyo ninavyovielekea leo.

Sasa, njia ipo. Kifungu cha 24 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27, ambacho watu wachache sana wanakifahamu, kinampa kila Mkongomani, akiwa peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinasema hakuna mtu atakayeshitakiwa kwa kuandika ombi hilo. Tangu hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilipoanza kutumika tarehe 6 Mei 2021, wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kumwandikia mkubwa ni hatari. Someni kifungu hicho, wazazi wenzangu. Hakihitaji mwanasheria, wala hakihitaji Kifaransa cha Kinshasa.

Barua yangu nimeshaiandika, ukurasa mmoja, kwa wakuu wa vyuo vitatu vya serikali vya Bunia, na nakala kwa wizara. Inauliza swali moja: mwaka huu wa masomo, kila mmoja wa wakuu wanne wa chuo analipwa kiasi gani, kwa mafungu yote? Yule baba wa soko la dhahabu ameweka jina lake chini ya langu, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Nafasi ya majina mengine ipo. Anayetaka kuongeza lake anikute sokoni Jumamosi, upande wa wapima dhahabu. Jumatatu ninaipeleka Bunia. Miezi mitatu ikitimia, nitaandika hapa hapa jibu lililokuja, au nitaandika kwamba halikuja.