Swichi Kuzimwa Siyo Umeme Kukatika



Juni na Julai ni miezi ya baridi kali hapa Mbeya. Zamani tulichemsha maji ya kuoga kwa kuni. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi. Watu wa Mbalizi na Umalila huja Mwanjelwa, hununua hita ya kuchemshia maji ndani ya ndoo, wakarudi nayo nyumbani. Hilo ni jambo jema. Moshi unapungua, na akina mama wanapumzika kubeba kuni. Lakini hita mbovu inaua.

Mimi ni tabibu msaidizi. Asubuhi moja ya Julai mama mmoja aliletwa kwetu. Vidole vyake vilikuwa vimeungua, na mkono mzima ulikuwa na ganzi. Aliniambia: "Mwanangu, mimi nilizima swichi kwanza. Ndipo nikatia mkono kupima maji ya mtoto."

Nilimwamini. Swichi aliizima kweli. Basi umeme ulitoka wapi?

Siku iliyotangulia swichi ile iliharibika. Mume wake aliifungua, akaweka mpya mwenyewe. Fundi alipokuja kuipima alikuta waya zimebadilishana. Umeme wa nyumbani hupita katika waya mbili. Waya mmoja huleta moto, wa pili huurudisha. Swichi inatakiwa kukata waya unaoleta moto. Yule mzee alifunga swichi kwenye waya wa kurudisha.

Mzee alishangaa. Akasema: "Lakini nikizima, hita inaacha kuchemsha!" Ni kweli, inaacha. Huo ndio udanganyifu wake. Maji hayachemki tena, lakini moto bado uko ndani ya hita. Hita ile ilikuwa na ufa mdogo, kwa hiyo umeme uliingia katika maji. Umeme wetu una nguvu ya volti 230. Mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji hana kinga.

Wengine wana hita za ukutani. Ndani yake mna swichi ndogo inayokata umeme maji yakipata moto. Ikiharibika, wapo wanaoiondoa na kuunganisha waya moja kwa moja. Hita hiyo haitajua kuacha. Maji yatachemka kupita kiasi, yatababua watoto, na hita inaweza hata kupasuka.

Watu husema fundi ni ghali. Nami nasema, fundi mwenye leseni ni sehemu ya matibabu, tena ile ya kuzuia. Dawa ya kidonda tunayo. Dawa ya moyo uliosimamishwa na umeme ni ngumu kupatikana kijijini.

Tena nina neno kwa akina baba. Mara nyingi sisi wanaume ndio tunaofungua swichi, lakini akina mama ndio wanaotia mkono katika maji. Mama akisema hita inamtetemesha, asiambiwe ni mwoga. Hita isitumike tena mpaka fundi aione.

Tukumbuke haya:

1. Chomoa plagi kabla ya kugusa maji. Usitegemee swichi peke yake. Plagi ikichomolewa, waya zote mbili zimekatika.

2. Hita ya ukutani iwe na swichi inayokata waya zote mbili kwa pamoja, na iwe na waya wa ardhi.

3. Hita ikitetemesha, ikinuka kuungua au ikikataa kuzima, zima swichi kuu ya nyumba. Usiifungue. Mwite fundi.

4. Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ukishindwa, msukume kwa mti mkavu huku umesimama pakavu.

5. Aliyeungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, umeme ukiwa umekwisha kukatwa. Usimpake mafuta wala dawa ya meno. Mpeleke zahanati hata kama anasema amepona, maana umeme huweza kudhuru moyo bila kuacha jeraha kubwa.

Yule mama alipona, ila vidole viwili havikunji vizuri. Mtoto hakuguswa, kwa sababu mama alitangulia kutia mkono wake.

Ndugu msomaji, leo jioni, kabla watoto hawajaoga, itazame hita yako.