Zabibu Hazingojei Leba

Waingereza wenye nazo wana desturi yao: mtoto akizaliwa, huwekewa mvinyo wa Porto kutoka bonde la Douro, Ureno, aje kuufungua akiwa mtu mzima. Zawadi poa sana. Rafiki yangu hapa Nairobi anataka kumfanyia bintiye vivyo hivyo, ila anashikilia kwamba lazima chupa iwe ya mwaka aliozaliwa. Mimi nakataa.

Nani aliwaambia zabibu zinangojea leba? Porto ya vinteji, ile inayokomaa chupani miaka 20 na zaidi, hutangazwa miaka mizuri tu, kama mara tatu katika miaka 10. Tena watengenezaji huonja karibu miaka miwili kwanza. Mtoto wa juzi, mwaka wake bado haujulikani! Ukilazimisha, utanunua tarehe, na tarehe tayari iko kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mnunulie ya 2016 au 2017, miaka iliyotangazwa. Mvinyo ukimzidi umri, kwani iko nini? Ilaze chupa gizani, penye ubaridi, si kwenye kabati la juu ya jiko. Siku ya kufungua, binti atakunywa mvinyo, hatakunywa namba.