Mabatini: Boda mwenye miwani mnamkimbia, asiyeona mnamkimbilia!

Pale Mabatini, kwenye barabara ya Nyerere, kuna kijana mmoja wa boda (jina kapuni) ana tabia inayowavunja mbavu wenzake kijiweni. Akiwa amekaa juu ya pikipiki anasubiri kichwa, miwani iko usoni. Abiria akitokea tu, hasa akiwa mdada, miwani inavuliwa chap, inaingia mfuko wa koti, halafu safari inaanza. Yaani kukaa anakaa na miwani, kuendesha anaendesha bila miwani. Kinyume kabisa!

Akiulizwa anajibu kwa neno moja: biashara. Na usimcheke haraka, ana hoja. Washkaji zake wameshampachika jina, wanamwita Babu, na hata miaka 30 hajafika. Kuna mama mmoja alishamkaribia na mizigo yake ya sokoni, akamtazama usoni, akamuuliza kwa huruma kabisa, "Ng'wanawane, njia unaiona kweli?" Kabla hajajibu, mama huyo kapanda boda ya jirani.

Sasa huyo jirani ndiye wa kuangaliwa. Hana miwani, kavaa kofia nyuma mbele, anapendeza. Lakini ujumbe wa M-Pesa anausoma simu ikiwa karibu na pua. Mtu akimpungia mkono ng'ambo ya barabara anakunja uso kama kalamba ndimu, na mara nyingi anampita. Wenzake wanasema ana maringo. Hakuna maringo pale, jamaa haoni mbali! Ila hajawahi kupima, kwa hiyo hata yeye mwenyewe anaamini dunia nzima inaonekana vile anavyoiona.

Hapo ndipo abiria wanapofeli. Miwani ya daktari siyo ushahidi kwamba mtu haoni. Ni ushahidi kwamba mtu huyo alishakaa mbele ya ubao wa herufi, akaambiwa ukweli, akatoa hela yake akarekebisha. Akiwa ameivaa, na namba iwe ni ya sasa, mara nyingi anaona barabara sawa na mwingine yeyote. Yule asiye na miwani ndiye bahati nasibu. Labda macho yake ni mazima, labda hayajulikani, na kwa kumtazama usoni huwezi kugundua.

Na shida hii siyo ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya macho ya mwaka 2019, lilisema watu bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na angalau bilioni 1 kati yao tatizo lao lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Kwenye hao bilioni moja wamo wengi ambao dawa yao ni miwani tu, hakuna upasuaji wala sindano.

Tuseme kwa lugha ya boda. Ukienda kupima wanakuandikia namba kama 6/6 au 6/12. Hiyo 6/12 maana yake herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 12, wewe mpaka usogee mita 6. Ihamishie barabarani. Shimo ambalo mwenzako analiona likiwa mita 40 mbele, wewe unaliona likiwa mita 20. Pikipiki ikiwa kwenye spidi 50 inakula karibu mita 14 kila sekunde. Mwenzako ana sekunde karibu tatu za kuamua. Wewe una moja na nusu, haijatimia. Ndani ya hiyo moja na nusu inabidi ugundue ni shimo, ukumbuke nyuma kuna mtu, uangalie daladala inayokuja, ndio ushike breki.

Na Mabatini siyo barabara ya kuchezea. Daladala zinasimama ghafla, watu wanavuka popote, mkokoteni unatembea usiku bila hata kipande cha kung'aa. Ukiacha lami ukapandisha kule juu kwenye nyumba za mawe, njia ni nyembamba, jiwe upande huu na mteremko upande ule. Kuna boda mmoja aliyeuparamia mkokoteni uliosimama usiku, na mtaa mzima ukatoa hukumu kabla hajainuliwa: kalewa! Jamaa pombe hatumii. Macho yake hakuna aliyeyauliza, si mtaa, si bosi wake, si yeye mwenyewe.

Halafu kuna hili la mastaa, na linachekesha kweli. Msanii wa Bongo Fleva akitupia picha na miwani mikubwa ya kioo kitupu, haina namba wala nini, maoni yanamiminika: msomi, bosi, mtoto wa kishua. Fremu hiyohiyo akiivaa boda wa Mabatini, tena yake ikiwa na lenzi ya kweli, anaitwa kipofu. Asiyeihitaji anaonekana mjanja, anayeihitaji anaonekana mgonjwa. Mtaa una mambo!

Ila haki itendeke, kuendesha pikipiki na miwani kuna usumbufu wake, na wanaoivua siyo wote wanaona aibu. Helmeti ya kufunika uso wote inabana mikono ya miwani hadi masikio yanauma. Dawa yake ni kuvaa helmeti kwanza, halafu kuingiza miwani taratibu, na kuchagua fremu yenye mikono myembamba, iliyonyooka. Asubuhi ya mvua pumzi inaweka ukungu, inabidi kioo cha helmeti kiachwe wazi kidogo. Vumbi nalo ni balaa, kwa sababu mtu akifuta lenzi na shati lililojaa mchanga anaikwangua, na baada ya miezi michache anatazama dunia kupitia mikwaruzo. Imwagie maji kwanza, ndio uifute kwa kitambaa laini. Na lenzi iwe ya plastiki, maana kioo kikipasuka karibu na jicho ni msala mwingine. Kwa upande mwingine, wale wadudu wa ziwani wakishuka jioni kama moshi, mwenye miwani anapeta wakati wenzake wanaendesha jicho moja.

Usiku ndio kwenye mtego. Mtu mwenye tatizo la macho lisilorekebishwa, taa ya gari linalokuja kwake inatawanyika kama nyota yenye mikia. Hapo wengi wanakimbilia miwani ya njano inayouzwa kwamba ni ya kuendeshea usiku. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwajaribu madereva kwenye mashine ya kuigiza barabara, wakaona miwani hiyo ya njano haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu mapema zaidi. Miwani nyeusi ya swaga usiku ndio usiseme, unaongeza giza juu ya giza.

Kuna na kosa lingine la kubana matumizi. Jamaa anaona haoni vizuri, anakwenda kwa machinga, anajaribu miwani tatu, anachukua inayompendeza. Miwani nyingi za namna hiyo ni za kusomea, zimetengenezwa kwa watu waliovuka 40 ambao herufi za karibu zimeanza kuwakimbia. Kijana asiyeona mbali akiivaa hiyo, ya mbali inazidi kuwa ukungu. Kisha anatangaza kijiweni kwamba miwani inaharibu macho. Miwani haiharibu jicho! Iliyomharibia ni namba ya mtu mwingine.

Hela nayo ni ishu, na hapa lawama isiishie kwa boda peke yake. Vijana wengi pikipiki siyo zao, wako kwenye mkataba, na jioni hesabu ya bosi lazima itimie. Ukipoteza nusu siku kwenye foleni ya macho, hesabu haijui kama ulikuwa hospitali. Bosi huyohuyo anakagua tairi, anakagua cheni, anauliza oili ilibadilishwa lini, na breki zikilia anakuja juu. Jicho linalozitumia hizo breki halimo kwenye orodha yake. Bosi mwenye akili angemwachia dereva wake siku moja ya hesabu akapime, ni nafuu kuliko kununua pikipiki nyingine. Bangladesh kuna utafiti uliotoka 2024, watu wa miaka 35 mpaka 65 walipewa miwani ya kusomea, na baada ya miezi 8 kipato chao kilikuwa juu kwa takribani theluthi moja kuliko cha wale ambao hawakupewa. Hao hawakuwa madereva, lakini hesabu inaeleweka: anayeona anafanya kazi.

Serikali nayo tangu 2019 imeifanya leseni ya udereva ikae miaka 5 badala ya 3. Kwa mfuko wa boda ni unafuu. Lakini macho hayakusaini hayo makubaliano. Kijana wa miaka 19 anaweza kupata leseni akiwa anaona hadi Capri Point, akafika 23 anabahatisha rangi za daladala, na leseni yake bado inang'aa. Faini ya kosa kwa boda ilishushwa 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000, na hiyo 10,000 ya helmeti inaogopwa kijiweni kuliko jambo lolote. Hakuna anayeogopa macho.

Uingereza wana kipimo kisichohitaji mashine. Anayetaka leseni anasimamishwa mita 20 kutoka kwenye gari, anaambiwa asome namba ya usajili. Akishindwa bila miwani, avae. Akishindwa na miwani, hakuna mtihani siku hiyo, arudi nyumbani. Mita 20 ni hatua ndefu kama 25 hivi. Kijiwe chochote cha Mabatini kinaweza kufanya mchezo huo wakati hakuna vichwa, bure, na kicheko juu. Atakayeshindwa Bugando ipo hapo juu ya kilima na idara ya macho wanayo. Kipimo cha kijiweni hakitoshi kukupa namba ya miwani, kinakwambia tu kama una safari ya kwenda huko.

Na abiria, wewe unayechagua boda kwa sura na kofia, una haki ya kuuliza kabla hujapanda. Huna haja ya kuwa daktari. Onyesha gari lililosimama mbele kidogo, mwambie kwa utani, "Kaka, hebu nisomee namba ya lile gari." Akiisoma, awe na miwani au asiwe nayo, panda. Akikunja uso na kuanza kubahatisha herufi, mshukuru, mwelekeze Bugando, tafuta mwingine.