Mzio wa Mbwa: Tusikimbilie Kumfukuza
Mgonjwa anapopiga chafya kila amkaribiapo mbwa wake, wengi wetu humwamuru amwondoe. Amri hiyo, kwa maoni yangu, hutolewa mapema mno: mgonjwa huitikia kwa kichwa, kisha haonekani tena kliniki. Chanzo cha mzio ni protini zilizomo katika mate na chembe za ngozi ya mbwa, si manyoya yenyewe, kumnyoa hakutoshi. Tumshauri kwanza asimruhusu chumbani mwa kulala, anawe mikono baada ya kumshika, na mtu asiye na mzio amwogeshe mbwa mara mbili kwa wiki. Lakini pumu isipotulia licha ya dawa, mbwa atafutiwe makao mengine. Hapo tumweleze mgonjwa ukweli: protini hizo hubaki nyumbani kwa miezi, hivyo nafuu itachelewa.