Saa Chupa Ilipopasuka

Mjamzito wa Mbagala au Tandale, jijini Dar es Salaam, anapoanza kliniki hupimwa presha, mkojo na wingi wa damu, akaangaliwa VVU, kaswende na malaria. Kadi yake hujaa maandishi. Streptokokasi wa kundi B kwa kawaida hatafutwi.

Bakteria huyu huishi utumboni na ukeni bila kumsumbua mama. Si ugonjwa wa zinaa wala dalili ya uchafu, na hilo lisemwe wazi, kwa sababu maneno "bakteria ukeni" yakifika nyumbani bila maelezo yanaweza kuvunja ndoa. Hatari huja wakati wa kujifungua. Mtoto humpata njiani, na pengine kabla siku haijaisha anakataa ziwa, anapumua kwa shida, anachemka. Maambukizi ya damu, ya mapafu au ya utando wa ubongo huweza kumwondoa kichanga haraka kuliko ndugu wanavyoweza kupata usafiri.

Dar es Salaam haiwezi kusema haikujua. Mwaka 2009 Agricola Joachim na wenzake walichapisha matokeo ya wajawazito 300 wa Hospitali ya Taifa Muhimbili: asilimia 23 walikuwa na bakteria huyu, na asilimia 8.9 ya watoto wao walikutwa naye. Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti wa akina mama karibu 8,000 uliochapishwa mwaka 2016 ulipata asilimia 12. Uchambuzi wa dunia nzima wa mwaka 2017 uliweka wastani kwenye asilimia 18, visiwa vya Karibiani vikifika 35 na Asia ya Mashariki 11. Sehemu ya tofauti hizo hutokana na namna sampuli zinavyochukuliwa na kuoteshwa maabara. Hata hivyo, idadi ndogo kuliko zote hizo bado ni zaidi ya mama mmoja kati ya kumi katika foleni ya kliniki.

Marekani ilipendekeza mwaka 2002 kila mjamzito apimwe wiki ya 35 hadi 37, na anayekutwa na bakteria huyu apewe antibiotiki ya mshipa wakati wa uchungu. Ugonjwa wa bakteria huyu kwa watoto wa wiki ya kwanza, uliowapata karibu 2 kati ya 1,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulishuka hadi chini ya mmoja kati ya 4,000 mwaka 2015.

Kudai kila zahanati ya Chamazi au Bunju ioteshe vimelea kesho ni kujidanganya. Kugawa sindano za antibiotiki kwa kila mzazi nako ni kukaribisha usugu. Katika utafiti ule wa Muhimbili asilimia 9.4 ya vimelea tayari vilihimili penisilini, ingawa ampisilini iliviweza vyote. Hospitali za rufaa za Temeke na Mwananyamala zianze kupima. Kwingineko mkunga amtazame kwa jicho la pekee mwenye homa, mwenye uchungu kabla ya wiki ya 37, aliyewahi kuzaa mtoto aliyeugua hivyo, na ambaye chupa yake imepasuka kwa saa 18 au zaidi. Hao wasikose dawa ya mshipa.

Dawa hiyo hukinga vizuri zaidi ikianza angalau saa 4 kabla ya mtoto kutoka. Kwa hiyo mama, chupa ikipasuka usiku usisubiri kupambazuke. Tazama saa, ikumbuke, nenda, na umtajie mkunga kabla hajakuuliza.