Calhoun Hakumfundisha Thabeet Memphis

Makala iliyomtoa Jim Calhoun kwenye orodha ya makocha wakubwa wa kikapu wa vyuo vya Marekani, eti kwa sababu Hasheem Thabeet wetu hakung'ara NBA, imemshitaki asiyehusika. Connecticut, chuo alichofundisha Calhoun, ilimpokea kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15. Mwaka 2009 wakafika nusu fainali ya taifa, na Memphis ya NBA ikamchagua wa pili. Yaliyofuata waulizwe Memphis.

Kocha John Wooden ana mataji 10 ya vyuo, nani abishe? Lakini Calhoun aliikuta timu isiyowahi kuonja hata nusu fainali, akaipa mataji 1999, 2004 na 2011.

Vijiwe vya Kivukoni na Kariakoo, vinavyomtaka kocha wa Simba au Yanga aondoke kwa sare mbili, tunavisamehe. Mwandishi alikuwa na muda wa kusoma.